MPIGA BESI ALIYESIMAMA KIMYA

Maisha ya John Entwistle, karani wa kodi aliyegeuka mpiga gitaa

Mtu akiingia katika nyumba iliyojengwa vizuri husifu mlango uliochongwa na kuta zilizopakwa chokaa. Ni wachache waulizao habari za nguzo. Ndivyo ilivyo katika muziki wa magitaa. Watazamaji humkodolea macho mwimbaji, kisha yule apigaye gitaa la sauti nyembamba, na baadaye mpiga ngoma. Mpiga besi hukumbukwa mwisho, au hakumbukwi kabisa. Lakini katika mji wa London alitokea kijana mmoja ambaye, ingawa alisimama mahali pake bila kutikisika, aliwafanya watu wajue ya kuwa nguzo nayo yaweza kusema. Jina lake lilikuwa John Entwistle, na kundi lake liliitwa The Who.

KAZI YA BESI

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Gitaa la besi kwa desturi lina nyuzi nne, nene na ndefu, na sauti yake ni nzito. Kazi yake ni kuunganisha ngoma na wimbo: humpa mpiga ngoma mwenzi wa kwenda naye hatua kwa hatua, na humpa mwimbaji msingi wa kusimamia. Akikosea mpiga besi, wasikilizaji huona ya kuwa muziki umeharibika, ila wengi hawawezi kusema ni nini kilichoharibika. Kwa hiyo kazi hii yataka mtu mwenye subira, asiyetamani kusifiwa kila mara.

UTOTO WAKE

John Entwistle alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1944, upande wa magharibi wa London, wakati vita kuu ya pili ilipokuwa haijaisha. Baba yake alijua kupiga tarumbeta na mama yake alipiga kinanda. Wazazi hao waliachana mtoto akiwa bado mdogo sana, naye akalelewa na mama yake katika nyumba ya babu na bibi.

Alipokuwa na umri wa miaka saba alianza kufundishwa kinanda, lakini hakukipenda. Akiwa na miaka 11 akashika tarumbeta, na baadaye baragumu la shaba lile lililopindwa mviringo, akalipiga katika kundi kubwa la muziki la wanafunzi wa jimbo la Middlesex. Hivyo alijifunza kusoma muziki ulioandikwa, elimu ambayo wapiga magitaa wengi wa siku zile hawakuwa nayo.

Katika shule ya sekondari ya Acton alikutana na Pete Townshend, wakapiga muziki pamoja. Siku hizo vijana wa Uingereza walikuwa wameshikwa na muziki wa roki uliotoka Marekani, na Entwistle alivutiwa hasa na sauti nzito za gitaa la Mmarekani Duane Eddy. Fedha za kununua gitaa la besi hakuwa nazo. Akatafuta mbao akajitengenezea mwenyewe. Siku moja alikuwa akipita njiani amebeba gitaa hilo, akaonwa na Roger Daltrey, kijana aliyekuwa na kundi lake mwenyewe. Daltrey akamwalika aingie, naye Entwistle baadaye akamleta rafiki yake Townshend. Mwaka 1964 akaongezeka mpiga ngoma Keith Moon, na watu wanne wa The Who wakawa wametimia.

MCHANA OFISINI, USIKU UKUMBINI

Makarani wasomao habari hizi watapenda kujua ya kuwa Entwistle alipomaliza shule alikwenda kuwa karani katika idara ya Serikali ya Uingereza inayokusanya kodi ya mapato. Alifanya kazi huko mwaka 1962 na 1963. Mchana alikaa mbele ya vitabu vya hesabu, na usiku alibeba gitaa lake kwenda kupiga katika kumbi na vilabu. Kazi ya Serikali ilikuwa na mshahara wa hakika kila mwezi. Ya muziki haikuwa na hakika yo yote. Hata hivyo alichagua ya pili, akaiacha ofisi.

Mwaka 1965 kundi lilitoa santuri iitwayo My Generation, ikapanda mpaka nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Katikati ya wimbo huo sauti nyingine hupungua, na gitaa la besi husikika likijibu lenyewe, kwa vidole vyepesi kama vya mpiga zeze hodari. Katika nyimbo za kuuzwa madukani jambo hilo lilikuwa geni sana. Entwistle mwenyewe alisimulia ya kuwa alitaka kutumia gitaa lenye nyuzi nyembamba zilizolia vizuri, lakini zilikatika, na nyuzi peke yake hazikupatikana London. Ikambidi kununua gitaa jingine zima, na tena jingine, kwa ajili ya nyuzi tu!

Kutoka hapo hakuacha kuvichunguza vyombo vyake. Mwaka 1966 alishirikiana na watengenezaji wa nyuzi wa Rotosound kupata nyuzi za besi zenye sauti ing'aayo kama kinanda, na hata leo wapiga besi wa nchi nyingi hutumia nyuzi za namna hiyo.

NANI HULIPWA?

Jukwaani wenzake walikuwa kama kimbunga. Daltrey alirusha kipaza sauti hewani, Townshend aliruka na kuvunja magitaa, na Moon alipindua ngoma zake. Entwistle alisimama kimya. Vidole vyake tu vilikwenda mbio. Wenzake walimpa jina la Ng'ombe Dume, kwa ajili ya nguvu zake.

Lakini utulivu una gharama yake. Katika biashara ya muziki, mtungaji hulipwa kila wimbo wake unapouzwa au unapopigwa katika redio, na nyimbo nyingi za The Who zilitungwa na Townshend. Entwistle naye alitunga, kama ule wimbo wa mwaka 1966 wa buibui aitwaye Boris, uliopendwa sana na watu. Ila nafasi aliyopata katika kila santuri ilikuwa ndogo. Kwa sababu hiyo mwaka 1971 alitoa santuri yake mwenyewe, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanne wale kufanya hivyo. Mwaka 1973, katika santuri mbili za Quadrophenia, elimu yake ya utotoni ilizaa matunda: matarumbeta na mabaragumu yasikiwayo humo aliyapiga yeye.

MASIKIO NA FEDHA

Tarehe 31 Mei, 1976, The Who walipiga katika kiwanja cha mpira cha Charlton, London. Sauti ilipimwa umbali wa mita 32 ikaonekana ni desibeli 126, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaandika kwamba ndiyo kubwa kupita zote. Baadaye waandishi wa kitabu hicho waliacha kuandika rekodi za namna hiyo, wasije wakawashawishi watu kuharibu masikio yao. Kwa Entwistle onyo hilo lilikuja akiwa amekwisha chelewa: katika miaka yake ya mwisho sehemu kubwa ya kusikia kwake ilikuwa imepotea. Kelele iliyomfanya ajulikane ndiyo iliyomnyang'anya muziki.

Msiba wa kwanza uliwapata tarehe 7 Septemba, 1978, Keith Moon alipokufa akiwa na miaka 32. Mwaka uliofuata, katika mji wa Cincinnati, Marekani, watu 11 walikufa katika msongamano mlangoni mwa ukumbi walimokuwa The Who. Kundi liliendelea mpaka mwaka 1982, likaagana na watu. Lakini tarehe 13 Julai, 1985, lilipanda jukwaani tena huko Wembley, katika mkutano mkubwa wa muziki wa kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Na mwaka 1989 likasafiri tena.

Entwistle alipenda vitu vizuri. Alinunua jumba kubwa mashambani karibu na mji mdogo wa Stow-on-the-Wold, akalijaza magitaa ya kila namna. Matumizi yalikuwa makubwa, na mtu wa matumizi makubwa hana budi kurudi kazini.

Alikufa tarehe 27 Juni, 2002, katika chumba cha hoteli mjini Las Vegas, kesho yake safari mpya ya The Who ilipokuwa ianze. Umri wake ulikuwa miaka 57. Daktari wa Serikali alisema moyo wake, uliokuwa na ugonjwa tayari, ulisimama kwa sababu ya kokeini. Siku chache baadaye wenzake walipiga Los Angeles, na mahali pake akasimama Pino Palladino.

Mwaka 2011 wasomaji wa gazeti la Rolling Stone la Marekani walimchagua kuwa mpiga besi bora kupita wote. Hata hivyo mwaka 2003 magitaa yake mengi yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa mnada, yakatawanyika mikononi mwa wageni. Jamaa zake waliyauza ili kulipa kodi ya urithi wake, na fedha zile zilikwenda katika idara ile ile alikoanzia kazi akiwa karani kijana.