Nani anachagua muvi anazotazama mwanao?

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, nilifanya jambo ambalo wazazi wengi wa hapa Bariadi hulifanya. Nilimpa kijana wangu wa darasa la sita shilingi 2,000 na flashi, nikamwambia aende kwa jamaa wa muvi karibu na stendi akawekewe katuni za kumtosha yeye na mdogo wake likizo nzima. Mimi nikaenda zangu sokoni kwenye biashara yangu ya vitenge.

Jioni niliporudi, nilimkuta binti yangu wa darasa la kwanza amejikunyata nyuma ya kochi, amejifunika kanga hadi kichwani. Kaka yake alikuwa nje anacheza mpira. Kwenye runinga mtu alikuwa anamchinja mwenzake. Katuni ilikuwa imeisha kitambo. Runinga ikaendelea yenyewe na faili lililofuata, na rimoti ilikuwa juu ya kabati ambako mtoto hafiki.

Kwa wiki mbili binti yangu hakukubali kulala peke yake. Giza likiingia, hata kwenda chooni alitaka ashikwe mkono.

Usiku ule ule nilichomeka ile flashi na kuhesabu. Ilikuwa na mafaili 31. Katuni zilikuwa 9. Yaliyobaki yalikuwa muvi za vita, za mizimu, na mbili ambazo sitazieleza hapa. Majina ya mafaili mengi yalikuwa herufi na namba tu. Ndipo nikajiuliza: hizi 22 nani alizichagua? Si mimi. Si mwanangu. Na pesa nilitoa mimi.

Kesho yake nikaenda dukani nikiwa nimepandisha hasira. Yule kijana alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, “Samahani sana mama. Flashi ilikuwa na nafasi, nikamjazia kama nyongeza. Lakini na wewe hukuniambia ni za mtoto wa umri gani.”

Niliondoka bila jibu. Alichokosea alikosea, lakini na mimi nilikuwa nimemwachia mgeni achague kitakachoingia sebuleni kwangu.

Kutoka kava hadi flashi

Wazazi wa umri wangu tunakumbuka enzi za kanda na deki, kisha zikaja CD. Muvi moja ya Kibongo ilikuwa inauzwa kwa sehemu mbili, kwa sababu CD moja ya video hubeba kama saa moja na robo tu. DVD ilipoingia ikaleta nafasi kubwa zaidi, GB 4.7 kwa diski ya kawaida, na wajanja wakaanza kubana muvi 10 hadi 20 kwenye diski moja.

Hata hivyo, diski ilikuwa na kava. Uliona sura ya Steven Kanumba, ukaona kama ni muvi ya mapenzi, ya uchawi au ya familia. Kanumba mwenyewe, mzaliwa wa Shinyanga ambaye alifariki Aprili 2012, alicheza filamu zilizokuwa na watoto ndani, kama Uncle JJ, na kava lilikuonyesha hivyo kabla hujatoa pesa.

Wenzetu Marekani waliifanya kazi hiyo kwa mashine. Kampuni ya Redbox ilianza mwaka 2002 ikiwa mradi wa McDonald's, ikaweka makabati mekundu nje ya maduka na migahawa. Mteja alisimama mbele ya kioo, akapitisha kidole kwenye picha za muvi, akachagua, akalipa kwa kadi, na diski ikatoka kwenye tundu. Bei ya kukodi miaka ya mwanzo ilikuwa dola 1 kwa usiku mmoja. Diski ungeweza kuirudisha kwenye mashine nyingine yoyote ya kampuni, na zile zilizokwishakodishwa sana ziliuzwa kwa bei ya chini.

Mashine hizo nazo zimepitwa na wakati. Watu walihamia kwenye intaneti. Netflix, iliyoanza kutuma diski kwa posta mwaka 1998, ilituma ya mwisho Septemba 2023. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa inamiliki Redbox ilifilisika na biashara ikafungwa.

Ninaitaja mashine hiyo kwa sababu moja. Haikuwa na akili wala huruma, lakini haikuweza kukupa nyongeza. Ilitoa diski uliyoigusa, basi. Kwetu Simiyu kazi hiyo anaifanya kijana mwenye kompyuta, na yeye ana ukarimu. Ukarimu huo ndio ulionifikisha nyuma ya kochi.

Katuni si lazima iwe ya mtoto

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba neno “katuni” halitoshi. Zipo katuni, hasa kutoka Japani, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, zenye damu na mambo ya chumbani. Kijana wa dukani akiona michoro, ataweka.

Jambo la pili ni muvi za kutafsiriwa. Tunazipenda, na kwa haki. Tangu enzi za Lufufu kule Dar es Salaam, na DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, bibi asiyejua Kiingereza anafuatilia muvi ya Kihindi au ya Kichina mpaka mwisho huku akicheka. Lakini anayetafsiri hasemi tu yaliyomo. Anaongeza utani wake, na wengine wanaongeza matusi. Muvi ambayo picha zake ni safi inaweza kumfundisha mwanao maneno ambayo utayasikia siku mgeni amekuja.

Jambo la tatu ni alama za umri. Bodi ya Filamu Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hukagua filamu na kuzipangia madaraja. Marekani nao wana alama zao: G ni kwa watu wote, PG mzazi awe karibu, PG-13 tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, na R ni ya wakubwa au mtoto aliye na mzazi. Kwenye kava alama hizo huonekana. Kwenye faili lenye jina la namba hazipo.

Kuna na haki ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya msanii, na mwaka 2013 TRA ilianza stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Muvi inayorushwa kwenye flashi bila idhini haimpi aliyeitengeneza hata senti. Sitajifanya mtakatifu, nimeshaeleza nilichofanya mwenyewe. Lakini ukipata nakala halali ya kazi ya Mtanzania, inunue, hata kama utapata moja badala ya 31.

Tunachofanya sasa nyumbani

Baada ya tukio lile tulikaa, mimi na baba watoto, tukaweka utaratibu ambao hauna gharama kubwa.

Tulinunua flashi ndogo ya watoto, ya GB 8. Haiingii muvi ya mtu mzima, hata moja. Ya wakubwa inakaa kabatini.

Flashi inapelekwa dukani ikiwa tupu, na anaipeleka mtu mzima akiwa na karatasi yenye majina ya muvi. Kama jina hulijui, taja umri: “Nataka za mtoto wa miaka 7.” Mwambie waziwazi asiongeze kitu. Kisha zihesabu hapo hapo kwenye kompyuta yake.

Nyumbani, kabla watoto hawajagusa, fungua kila faili. Angalia mwanzo, katikati na karibu na mwisho, sauti ikiwa juu. Ukiwa na mafaili sita hutamaliza hata nusu saa. Lisilofaa lifute.

Rimoti ikae mahali mtoto anafika, na ajue kitufe cha kuzima. Mwambie kwamba akiona kitu cha kumtisha azime na aje akuite, na kwamba hatapigwa. Mtoto anayeogopa kuchapwa ataficha alichokiona, na hofu itabaki naye.

Na kama tayari ameona, usimcheke wala usimwambie “ni muvi tu.” Kaa naye. Muulize aliona nini, umsikilize mpaka mwisho. Binti yangu alitaka kujua kama yule mtu aliyechinjwa alikuwa na watoto. Nilimweleza kwamba ni mwigizaji, damu ile ni rangi, na kazi ikiisha huinuka akaenda nyumbani kula. Alifikiri kidogo, akauliza anakula nini. Nikamwambia ugali na samaki. Usiku huo alilala.

Kwa yule kijana wa dukani bado naenda. Siku hizi akiniona anacheka na kuuliza, “Mama, karatasi iko wapi?” Jumamosi iliyopita niliikuta na majina manne. La mwisho lilikuwa limeandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda. Binti yangu alikuwa amechagua mwenyewe.