Wales: Shule iliyomkataza Gareth Bale mguu wa kushoto

Whitchurch, shule ya sekondari ya serikali mjini Cardiff, ni kati ya shule kubwa zaidi za Wales: wanafunzi zaidi ya 2,000, majengo sehemu mbili. Ilizaliwa miaka ya 1960, shule mbili jirani zilipounganishwa. Humo walisoma, karibu wakati mmoja, Sam Warburton wa raga, Geraint Thomas, mshindi wa Tour de France 2018, na Gareth Bale.

Kwenye kabumbu, Bale aliwazidi wenzake mno. Mwalimu wa michezo akamkataza kutumia mguu wa kushoto na kugusa mpira zaidi ya mara moja, ili wengine nao wacheze.

Qatar 2022, Wales ilirudi Kombe la Dunia baada ya miaka 64. Bale, kapiteni, aliisawazishia dhidi ya Marekani kwa penalti. Aliipiga kwa kushoto.