Jiko la Kupasha Nyumba Joto: Tazama Kwanza Njia ya Moshi

 

Mwezi wa Juni ukiingia, ninyi mlioko Limuru, Kinangop, Molo na kwingineko kwenye nyanda za juu mnajua mambo yanavyokuwa. Ukungu asubuhi, baridi kali usiku. Mtoto anakohoa, nyanya analalamikia magoti. Basi baada ya chakula mama anaingiza jiko la makaa chumbani, anafunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara. Anafanya hivyo kwa upendo. Lakini wako waliolala hivyo wasiamke tena.

Kwa nini? Makaa yanapowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa hata kama unapumua. Mtoto mdogo hupumua haraka, kwa hiyo huathirika upesi. Mama mjamzito naye humdhuru mtoto aliye tumboni bila kujua.

Wengi hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu, bila moshi, hatari imekwisha. Sivyo. Hata jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo limetusaidia sana kupunguza matumizi ya makaa, hutoa gesi hiyo hiyo. Kwa hiyo unapochagua jiko la kupasha nyumba joto, usiulize tu linakula kuni kiasi gani. Uliza kwanza: moshi na gesi vinatokea wapi?

Jiko linalofaa ni la kuni, lililofungwa pande zote, lenye mlango, na lenye bomba linalopeleka moshi nje juu ya paa. Ukienda kwa fundi, angalia mambo haya:

Kwanza, mlango ufunge vizuri, na kuwe na kifaa cha kuongeza au kupunguza hewa.

Pili, jiko lilingane na chumba. Jiko kubwa mno katika chumba kidogo litawalazimu kulinyima hewa ili lipunguze joto. Kuni zitafuka badala ya kuwaka, na bomba litajaa masizi.

Tatu, bomba lipite kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi, ili upepo usirudishe moshi ndani. Bomba la chuma lisilo na kinga likae sentimita 45 hivi kutoka kwa mbao za dari na paa, zisije zikashika moto.

Nyumba nyingine za zamani zina meko ya ukutani. Yanapendeza, lakini joto lake kubwa huenda juu na moshi. Siku hizi kuna sanduku la chuma lenye mlango wa kioo ambalo huingizwa ndani ya meko hayo. Hutoa joto zaidi kwa kuni chache. Ukilichagua, fundi alitie bomba lake mpaka juu, kwa maana dohani ya zamani huenda ina nyufa zinazovujisha gesi.

Jiko zuri huharibiwa na kuni mbichi. Pasua kuni, zipange chini ya paa mahali penye upepo, zikauke miezi sita au zaidi. Kuni kavu ukizigonganisha hulia kwa sauti kali. Usichome plastiki wala mbao zilizopakwa rangi. Bomba lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa baridi. Weka kizuizi mbele ya jiko ili watoto wasiungue, na uache tundu la kuingiza hewa, kwani moto nao unahitaji kupumua.

Na wewe ambaye huna uwezo wa kununua jiko kama hilo? Usivunjike moyo. Kaeni jikoni mkiota moto, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha mwende kulala bila jiko. Mvike mtoto kofia na soksi. Mtoto mchanga mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmejifunika. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa inaweza kupasha kitanda, lakini iondoe kabla ya kumlaza mtoto.

Mwisho, jua dalili za sumu hii: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi usio wa kawaida. Watu kadhaa nyumbani wakipatwa nazo pamoja, toeni kila mtu nje mara moja, kisha mkimbilie hospitali mkapewe oksijeni. Msipoteze muda kunywa maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hii kwenye damu.

Basi mama, leo jioni kabla ya kulala tazama chumbani. Kama kuna jiko lisilo na bomba, litoe nje, hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Afadhali mtoto aamke akisema alihisi baridi, kuliko asiamke.

Kwaherini, na mlale salama.