Yoga kwa wenye miili mikubwa: Kinachobadilishwa ni mkao, sio mwili

Mwalimu anasema: "Inama, gusa vidole vya miguu." Mstari wa mbele mikono inafika chini fasta. Nyuma kabisa, mtu mwenye mwili mkubwa anaishia kwenye magoti. Tumbo limekutana na mapaja, pumzi imebana, na darasa ndio kwanza limeanza.

Wengi wanaokutana na hali hiyo hawarudi wiki inayofuata. Wanaondoka wakiamini yoga sio ya watu kama wao.

Kumbe mara nyingi shida sio viungo vigumu, ni nafasi. Misuli ya mtu inaweza kuwa laini kabisa, lakini akishindwa kuinama zaidi kwa sababu tumbo au kifua kimeshagusa mapaja, kujilazimisha hakutasaidia. Anaweza kuishia kuumia mgongo.

Vifaa sio vya wavivu

Wapo wanaoona aibu kutumia kiti au mkanda darasani. Lakini aliyevipa umaarufu vifaa hivyo ni B.K.S. Iyengar wa India, mmoja wa walimu wakubwa wa yoga wa karne iliyopita. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, hivyo alijua vizuri maana ya mwili unaokataa. Katika ufundishaji wake alitumia kamba, mikanda, viti na vipande vya mbao vyenye umbo la tofali.

Nyumbani sio lazima kununua kitu. Khanga iliyokunjwa inatosha kuwa mkanda, vitabu vinene vinafaa badala ya tofali, na mto na ukuta vipo tayari.

Jinsi ya kurekebisha mikao

Kuinama mbele: Miguu isigusane. Ikitanuliwa kufuata upana wa nyonga au zaidi, tumbo linapata pa kwenda. Mikono inawekwa juu ya kiti badala ya sakafuni, na magoti yanakunjwa kidogo.

Mkao wa mtoto: Huu ni ule wa kupiga magoti na kulala kifudifudi juu ya mapaja. Magoti yatanuliwe, mto uwekwe chini ya kifua, na mwingine kati ya makalio na visigino ili magoti yasibebe uzito wote.

Mbwa anayejinyoosha: Mwili unakuwa kama herufi V iliyogeuzwa, na uzito mwingi unaenda kwenye viganja. Vifundo vya mikono vikiuma, mkao huohuo unafanyika kwa kusukuma ukuta. Mgongo unanyooka vilevile.

Kujizungusha ukiwa umekaa: Badala ya kubana tumbo dhidi ya goti, mtu anageukia upande ulio wazi, mbali na goti lililokunjwa.

Kulala chali mwishoni: Kwa mwenye kifua kizito, kulala chali kabisa kunaweza kubana pumzi. Mito chini ya mgongo wa juu na kichwa husaidia. Kulala ubavu pia ni sawa.

Kiti nacho kichunguzwe

Kiti cha plastiki miguu yake inaweza kuteleza au kutanuka kikilemewa. Kinachofaa ni kiti imara cha mbao au chuma, kisicho na magurudumu, kikiegemezwa ukutani.

Mwenye presha ya juu au matatizo ya macho kama glakoma aongee na daktari kwanza, hasa kuhusu mikao ya kuinamisha kichwa chini. Maumivu makali ya kiungo, kizunguzungu au kifua kubana ni dalili za kuacha hapohapo.

Kazi ya mwalimu

Mtu mmoja akiitwa mbele ya wote na kupewa kiti, darasa zima linageuka kumtazama. Njia bora ni mwalimu kuweka viti na mito kwa kila mtu na kuonyesha aina mbili au tatu za mkao mmoja. Kila mtu achague mwenyewe. Na kabla ya kumshika mtu kumrekebisha, aombe ruhusa.

Mmarekani Jessamyn Stanley, mwalimu wa yoga mwenye mwili mkubwa, alijaribu darasa la kwanza akiwa kijana na hakulipenda. Miaka kadhaa baadaye alirudi kwenye yoga, akafanya mazoezi nyumbani, na mwaka 2017 akatoa kitabu *Every Body Yoga*. Anafundisha akiwa na mwili uleule ambao wengi wanadhani hauwezi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Dakika hizo hazifikiki kwa mazoezi ambayo mtu ameyakimbia kwa aibu. Kama kiti kimoja ndicho kitakachomrudisha darasani wiki ijayo, basi kiwekwe.