Ndizi Zinapanda Lori, Chupa Zinashuka

Barabara ya lami inayotoka Uyole hadi mpakani Kasumulu inaeleza biashara ya Rungwe vizuri kuliko taarifa nyingi za ofisini. Malori yanayopanda kuelekea Mbeya yamesheheni mikungu ya ndizi na magunia ya viazi mviringo vya Isongole, na msimu ukifika, maparachichi. Yanayoshuka yanabeba katoni: soda, juisi za boksi, na zile chupa za rangi ya samawati, chungwa na kijani kibichi ambazo watoto wa shule wanaziita kwa jina moja tu, enaji. Chupa hizo zinaishia kwenye maduka yanayotazamana na mageti ya shule, na siku ya mechi mzazi mwenye mapenzi mema humnunulia mwanawe moja "apate nguvu". Je, zinamfaa mtoto? Jibu langu ni hapana, na kwa mtoto wa Tukuyu, mji wetu wa hapa Rungwe, ni hapana mara mbili, kwa sababu kila chenye manufaa ndani ya chupa ile kimepita mbele ya mlango wa nyumba yao kikiwa juu ya lori.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vilivyofungwa kwenye jina moja. Kuna vinywaji vya wanamichezo, na kuna vinywaji vya kuchangamsha mwili. Cha wanamichezo kina historia ya heshima. Mwaka 1965 Robert Cade, daktari wa figo katika Chuo Kikuu cha Florida, aliulizwa kwa nini wachezaji wa timu ya chuo walikuwa wakimaliza mechi wamepungua kilo kadhaa na wala hawaendi haja ndogo. Walikuwa watu wazima wenye miili mikubwa, wamevaa mavazi mazito ya mpira wa Kimarekani, wanacheza kwenye joto kali. Cade na wenzake wakachanganya maji, sukari, chumvi na maji ya limao, na hiyo ndiyo Gatorade. Kinywaji kilitungwa kwa ajili ya jasho la mtu mzima katika joto la Florida. Enaji ni jamii nyingine kabisa: sukari karibu maradufu, na juu yake kafeini na vichangamshi vingine. Kimoja kinarudisha kilichopotea kwa jasho, kingine kinaupiga mwili mjeledi ukimbie hata kama umechoka. Dukani vinakaa rafu moja, na mtoto anachagua kwa rangi.

Kuhusu enaji hakuna mjadala mrefu, hesabu inatosha. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikadiria kuwa kiasi cha kafeini kisichotia wasiwasi kwa mtoto ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa darasa la nne mwenye kilo 25 ana nafasi ya miligramu 75. Kiwango kilichozoeleka katika enaji nyingi duniani ni miligramu 32 kwa kila mililita 100; chupa ya mililita 300 inampa 96. Ameshapitiliza, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, katika wilaya inayolima chai. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliandika mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata mwaka 2024. Mwenye chupa nyumbani aigeuze asome maandishi madogo: nyingi zinakiri zenyewe kuwa hazifai kwa watoto na wajawazito.

Kinywaji cha wanamichezo kinahitaji subira zaidi, kwa sababu si sumu na si uongo. Tukiweka lita moja yake mezani na kuirudisha kwenye viungo vyake, tutapata takriban gramu 60 za sukari, ambazo ni kama vijiko 15 vya chai, chumvi isiyofika robo ya kijiko cha chai, potasiamu kidogo, asidi ya limao, rangi na harufu. Basi. Chupa ya nusu lita ina gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likashauri kuwa ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 20. Chupa moja inaruka mpaka huo kabla mtoto hajagusa andazi wala soda ya harusi ya Jumamosi.

Mtetezi wa chupa atasema sukari hiyo inachomwa uwanjani. Ingechomwa kama mtoto angekimbia mfululizo na kwa nguvu zaidi ya saa moja, kwani hapo ndipo wataalamu wanapokubali kuwa sukari na chumvi vina la kufanya ndani ya kinywaji. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 40. Toa muda wa kubadili nguo, toa wa kugombania nani awe golikipa, toa wa kuutafuta mpira uliotumbukia shambani. Kinachobaki hakihitaji dawa ya Florida. Tena tuko Tukuyu, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Rungwe, unaopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi Julai watoto wanaingia uwanjani na masweta. Jasho lao lipo, lakini si lile Cade alilokuwa akilipima.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na inatoka maabara. Mwaka 1996 Wilk na Bar-Or wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwaweka wavulana wa miaka 9 hadi 12 kwenye chumba chenye joto la nyuzi 35 wakiendesha baiskeli kwa vipindi. Walipopewa maji matupu walikunywa kidogo kuliko walichopoteza. Maji yalipotiwa ladha ya zabibu, sukari na chumvi, walikunywa zaidi kwa hiari yao na upungufu ukaisha. Anayesema watoto hawapendi maji matupu hajabuni, ana ushahidi. Ila joto la nyuzi 35 si la Tukuyu, ni la Kyela. Timu ya vijana ikiteremka kutoka milimani hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako mwinuko haufiki hata mita 500, ikacheza mechi mbili kwa siku juani kwa miili iliyozoea ukungu, hapo nakubali: kinywaji chenye sukari na chumvi kiasi kina kazi, hasa kwa wale wakubwa wa sekondari. Hiyo ni safari ya mara chache kwa mwaka. Chupa za langoni zinauzwa kila siku ya shule, na wanaozinywa wengi wanakwenda kukaa darasani.

Lakini hata huko Kyela, hebu tuulize kama chupa ndiyo njia pekee. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Appalachian State, Marekani, waliwashindanisha waendesha baiskeli 14 waliobobea katika mwendo wa kilomita 75. Mara moja walikula ndizi na kunywa maji, mara nyingine walikunywa kinywaji cha wanamichezo chenye kiasi kilekile cha wanga. Muda wao haukutofautiana. Ndizi mbivu moja ya wastani ina wanga wa gramu kama 27, karibu sawa na ile chupa ya nusu lita, na potasiamu ya miligramu 400 na ushee, ambayo chupa haiikaribii. Chumvi ndiyo ndizi haina, na hiyo mtoto ameshaila kwenye maharage ya mchana. Mtu wa Rungwe anayehitaji profesa wa ng'ambo amwambie kuwa ndizi inatia nguvu ana haki ya kucheka. Lakini acheke huku akijua kwamba mkungu umeuzwa na chupa imenunuliwa.

Maziwa ndiyo yananishangaza zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa McMaster, chuo kilekile cha hoja ya zabibu, waliwapa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 17 vinywaji tofauti baada ya mazoezi kwenye joto. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yaliubakizia mwili maji mengi kuliko maji yenyewe na kuliko kinywaji cha wanamichezo. Sababu haina miujiza: maziwa yana chumvichumvi zake, yana sukari yake, yana protini, na yanatoka tumboni taratibu, hivyo mwili haukimbilii kuyakojoa. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa. Kikombe cha mtindi baada ya mechi, kando yake ndizi mbili, ni mlo ambao bibi yeyote wa Kinyakyusa angeuandaa bila kusoma jarida. Nina sharti moja tu: maziwa yachemshwe kwanza, na ya mtindi pia kabla ya kugandishwa, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Kuna wanaoitetea chupa kwa usalama wake: imefungwa kiwandani, ilhali maji ya kijito hujui nani ameoga juu yake. Hii ni hoja ya mzazi mwenye akili, na mito myeupe ya Rungwe inadanganya macho. Maji kung'aa si kuwa salama. Lakini hoja hiyo inatetea maji safi, haitetei vijiko vya sukari. Duka lilelile linauza maji ya chupa, na shule yenye sufuria ya uji ina jiko la kuchemshia ndoo moja ya maji ya kunywa. Asiyependa maji matupu akamuliwe limao. Ladha ilichangia kuwavuta wale wavulana wa maabara, na ladha haitaki kiwanda.

Kuna jambo moja la hatari kubwa kuliko mpira. Lucozade ilitengenezwa mwaka 1927 na mfamasia wa Newcastle, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa, na sifa hiyo ya hospitali ilitufikia hata sisi. Wengi bado hawaendi kumwona mgonjwa bila chupa. Si neno, mgonjwa akipenda. Tatizo ni mtoto anayeharisha. Kinywaji cha wanamichezo kina sodiamu karibu robo tu ya ile iliyomo kwenye ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na sukari zaidi ya mara nne, na sukari ikizidi, utumbo huvuta maji kuyaleta ndani yake, kuhara kukaongezeka. Mtoto wa namna hiyo anahitaji pakiti ya ORS kwa lita moja ya maji safi pamoja na vidonge vya zinki, na anahitaji kufikishwa kituo cha afya. Chupa yenye picha ya mwanariadha haimhusu.

Na huyo mwanariadha pichani? Wakati wa Olimpiki ya London ya 2012 madaktari wa meno waliwachunguza wanamichezo 302. Asilimia 55 walikuwa na meno yaliyotoboka, asilimia 45 meno yaliyolika kwa asidi. Vinywaji si chanzo pekee, ila sukari na asidi vikinywewa funda kwa funda siku nzima ndivyo vinavyofanya, na meno ya mtoto ni laini zaidi. Watoto wanaiga chupa ya bingwa wasione mdomo wake.

Najua mzazi hanunui chupa kwa ujinga. Anainunua kwa upendo, na kidogo kwa fahari, maana ndizi ni chakula cha nyumbani na chupa ni ya mjini. Ndiyo maana takwimu za 2022 zinapaswa kutuuma. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka huo ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na katika Iringa na Njombe, jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaolisha miji, ni nusu au zaidi. Kulima sana na kulishwa vizuri si kitu kimoja. Shilingi ya mauzo ya ndizi ikirudi nyumbani kama yai au maharage, mtoto ananufaika. Ikirudi kama maji ya rangi ya samawati, tumeuza mlo tukanunua sukari yake.

Waheshimiwa madiwani wa Rungwe na Busokelo, sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tungeni moja fupi: enaji isiuzwe kwa mwanafunzi. Wenye maduka ya langoni wasisubiri kikao. Chupa hizo zihamie rafu ya juu, mahali pa mtu mzima. Nanyi walimu wa michezo, kambi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikiitishwa, msiombe mfadhili wa katoni. Ombeni ndoo mbili za maji yaliyochemshwa, lita kadhaa za mtindi, na mkungu mmoja uachwe nyuma kabla lori halijaondoka.