Vijidudu vya Malaria Hupelekeana Habari

Kijidudu cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kama mtu aliyejifungia nyumbani. Hupelekaje habari kwa wenzake? Mwaka 2013 wenye elimu wa Melbourne, Australia, walieleza. Kijidudu hufunga ADN, ndiyo maandishi ya urithi, katika vifuko vidogo mno. Navyo hutoka na kuingia katika chembe nyingine yenye kijidudu. Walitia ADN ya kushinda dawa katika vijidudu fulani. Vingine vikaipokea kwa vifuko, dawa isiviue! Tena vifuko hivyo viligeuza vijidudu vingi kuwa dume na jike. Hivi tu ndivyo huweza kuishi tumboni mwa mbu na kufika kwa jirani. Navyo hubaki katika damu hata homa ikiisha kutoka, ndiyo sababu mgonjwa aliyepata nafuu hulala bado ndani ya chandarua.