NATO: nani anadaiwa, na anadaiwa nini?

Juzi baada ya swala ya isha, mazungumzo ya barazani kwetu yalitoka kwenye bei ya unga yakaishia NATO. Ami yangu mmoja, ambaye redio haimtoki sikioni, alishikilia kwamba nchi za Ulaya zina deni la miaka na miaka kwa Marekani, na mdai ana haki ya kumfungia mlango asiyelipa. Wengi wakamuunga mkono. Si ajabu, kwani Rais Donald Trump mwenyewe alisema Machi 2017 kwamba Ujerumani inadaiwa fedha nyingi. Nikajaribu kueleza, kahawa ikaisha kabla sijafika mbali. Basi nimalizie hapa.

Sisi tukisikia kuchangia, akili hukimbilia kikoa. Kila mtu hutoa chake, chakula kikapikwa, na asiyetoa anajulikana. NATO inacho kikoa chake, lakini ni kidogo. Ni fedha za kuendesha makao makuu ya Brussels, kamandi za kijeshi na baadhi ya miundombinu ya pamoja, kiasi cha euro bilioni 4.6 kwa mwaka 2025. Kila mwanachama ana fungu lake kulingana na uchumi wake. Marekani ilikuwa ikitoa kama asilimia 22, na tangu 2021 imekuwa takriban sawa na Ujerumani, kama asilimia 16 kila mmoja. Ugomvi hauko hapo.

Ugomvi uko kwenye kile ambacho kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe. Chukua mtaa wa nyumba 32 ambao wenyewe wameandikiana kwamba mwizi akiingia kwa mmoja ameingia kwa wote. Hicho ndicho kifungu cha 5 cha mkataba wa 1949. Komeo, taa na mbwa, kila mwenye nyumba hujinunulia. Sasa mwenye nyumba kubwa akiona majirani wanalala milango wazi kwa kuwa wanajua yeye ana bunduki, atakasirika, na mimi simlaumu. Lakini jirani asiyenunua komeo hana deni lake. Pesa ile hata angeitumia, ingekwenda kwa fundi wa komeo.

Mwaka 2014, baada ya Urusi kuichukua Crimea, wakubwa wa NATO walikutana Wales wakakubaliana kwamba kila nchi ijitahidi kufikia asilimia 2 ya pato lake la taifa ndani ya miaka 10. Wakati huo nchi 3 tu ndizo zilizokuwa zimefika: Marekani, Uingereza na Ugiriki. Vita vya Ukraine vya 2022 vikawaamsha waliobaki. Poland sasa imevuka asilimia 4. Juni 2025, kule The Hague, lengo likapandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035: 3.5 kwa jeshi lenyewe, na 1.5 kwa mambo kama barabara, madaraja na ulinzi wa mitandao. Uhispania ikasema hapana, asilimia 2.1 inaitosha.

Lakini asilimia ni kipimo chenye ila. Ugiriki imekuwa juu ya 2 miaka yote, na sehemu kubwa ya sababu ni hofu yake kwa Uturuki, ambayo nayo ni mwanachama wa NATO hiyo hiyo! Kwenye daftari anahesabika mlipaji mzuri.

Sasa tazama Denmark. Kifungu cha 5 kimetumika mara moja tu, Septemba 2001, na aliyesaidiwa alikuwa Marekani. Ndege za uangalizi za NATO zilivuka bahari zikalinda anga lake. Kisha ikaja Afghanistan. Vita vile sina zuri la kusema juu yake, na waliolipa kupita wote ni Waafghanistan wenyewe. Ila Denmark, wakati huo nchi ya watu wasiofika milioni 6, ilizika askari zaidi ya 40, na miaka hiyo haikuwa imefikia asilimia 2. Utasema haikuchangia?

Swali hilo twalijua hata huku, ingawa Somalia haina NATO. Tangu 2007 askari wa Uganda, na baadaye Burundi, Kenya na wengine, wamekwenda kupigana chini ya Umoja wa Afrika, huku posho zao zikilipwa na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 Ulaya ikapunguza fungu hilo kwa asilimia 20. Ni mwaka ule ule ulioanza na msiba wa El Adde. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2719, linaloruhusu Umoja wa Mataifa kubeba hadi asilimia 75 ya gharama za misheni kama hizi. Marekani haikuunga mkono litumike Somalia. Kikosi kipya, AUSSOM, kikaanza Januari 2025 bila fedha za uhakika.

Ami yangu alisema mambo hayo ni ya Wazungu, hayatuhusu. Nikamkumbusha ana mtoto wa dadake anayefundisha shule Kiunga, na kutoka Kiunga hadi mpaka wa Somalia si mbali. Akanyamaza, akaomba kikombe cha pili. Ndipo tukaambiwa birika ni tupu.